Vitabu vya Meli Iliyozama na Majina ya Barabara ya Ngong

Anayepitia vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya njia katikati ya Nairobi, kuanzia Moi Avenue hadi vichochoro vya Tom Mboya, hakosi kukutana na Titanic. Mara ni kitabu cha watoto chenye mchoro wa meli iliyokatwa ubavu ili vyumba vyote vionekane. Mara ni riwaya iliyofuata filamu ya 1997. Mara ni nakala yenye jalada jepesi ya A Night to Remember ya Walter Lord, kurasa zimegeuka manjano na mhuri wa maktaba ya shule ungali kwenye ukurasa wa kwanza. Wanunuzi hawakosekani. Meli iliyozama Atlantiki ya Kaskazini mwaka 1912 inafahamika Nairobi kuliko meli yoyote iliyozama katika Bahari ya Hindi au Ziwa Viktoria. Msomaji hana kosa katika hilo. Lina sababu, na sababu zenyewe zafaa kuchunguzwa, kwa kuwa ndizo zinazoamua ni wafu gani tunaowajua kwa majina.

Wingi wa waliokufa hautoshi kueleza umaarufu wa ajali ya meli. Titanic iliua watu wapatao 1,500. Feri ya Doña Paz, iliyogongana na meli ya mafuta na kuteketea Ufilipino mwezi Desemba 1987, iliua zaidi ya 4,000, lakini ni nadra kuona kitabu chake kwenye rafu yoyote mjini. Kinachoipa ajali maisha marefu vitabuni ni mambo mawili: muda ambao meli ilichukua kuzama, na karatasi zilizoandikwa mara baada ya hapo.

Titanic iligonga barafu saa tano na dakika arobaini usiku wa tarehe 14 Aprili, ikazama saa nane na dakika ishirini. Katika saa mbili na dakika arobaini hizo mna kila anachohitaji msimuliaji. Nahodha anaarifiwa, mashua zinateremshwa moja baada ya nyingine, watu wanaagana, bendi inapiga, mmoja anapanda mashua na mwingine anarudi nyuma. Msomaji anapata nafasi ya kujiuliza yeye angefanya nini. Hata hesabu ya mashua ni hoja inayojitosheleza. Sheria ya Uingereza ya wakati huo ilipanga idadi ya mashua kwa ukubwa wa meli, na jedwali lake liliishia kwenye meli za tani 10,000 na kuendelea, ilhali Titanic ilikuwa na zaidi ya tani 46,000. Ilibeba mashua 20 zenye nafasi ya watu 1,178, na melini walikuwamo watu zaidi ya 2,200. Kwa mujibu wa sheria, mashua hizo zilikuwa nyingi kuliko zilizotakiwa.

Karatasi nazo zilianza kujaa mapema. Lawrence Beesley, mwalimu wa sayansi aliyesafiri daraja la pili, alichapisha kitabu chake mwaka huohuo wa 1912. Archibald Gracie wa daraja la kwanza alifariki Desemba mwaka huo, na kitabu chake kikatoka 1913. Bunge la Seneti la Marekani lilifanya uchunguzi, Uingereza nayo ikafanya wake chini ya Lord Mersey, na katika uchunguzi huo wa pili mashahidi waliulizwa maswali zaidi ya 25,000, yote yakapewa namba na kupigwa chapa. Walter Lord alipoandika kitabu chake cha 1955 alikuwa na rundo hilo lote mezani, na juu yake alikuwa na manusura wapatao 60 waliokuwa hai, tayari kumweleza walichokiona.

Hata hivyo rundo hilo lina mapengo, na mapengo hayo yana mpangilio. Daraja la tatu lilikuwa na abiria zaidi ya 700, na wengi wao walikufa. Uchunguzi wa Uingereza haukumwita hata mmoja wa walionusurika. Abiria waliohojiwa walikuwa Sir Cosmo Duff Gordon na mkewe, pamoja na Bruce Ismay, mkuu wa kampuni yenyewe. Wamarekani waliwasikiliza abiria watatu wa daraja la tatu. Kwa hiyo, swali la jinsi watu wa sitaha za chini walivyozuiwa au walivyopotea njia kuelekea kwenye mashua limejibiwa kwa zaidi ya miaka mia moja kupitia vinywa vya watu ambao hawakuwa huko chini.

Suala la kukatika kwa meli linafundisha zaidi. Manusura kadhaa walisema waliiona ikivunjika vipande viwili kabla ya kuzama. Charles Lightoller, afisa wa cheo cha juu kuliko wote walionusurika, alishikilia kwamba ilizama ikiwa nzima. Uchunguzi ukamwamini afisa, na kwa zaidi ya miaka 70 vitabu vikachora meli nzima ikishuka pua mbele. Septemba 1985 timu ya Robert Ballard na Jean-Louis Michel iliikuta kwenye kina cha karibu mita 3,800, sehemu ya mbele huku na ya nyuma kule, mamia ya mita kati yake. Abiria waliokuwa wakitetemeka ndani ya mashua walikuwa wamesema kweli. Anayesoma kitabu chochote cha meli iliyozama hana budi kukumbuka tukio hilo kila anapoona ushahidi wa mtu mmoja umepewa uzito kuliko wa mwingine.

Afrika Mashariki ina meli yake ya kusoma kwa jicho hilo, na safari yake ya mwisho ilianzia Kilindini. Khedive Ismail iliundwa Scotland mwaka 1922 kwa jina la Aconcagua kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikanunuliwa na kampuni ya Misri mwaka 1935 na kupewa jina jipya, kisha vita vilipochacha ikachukuliwa kubeba askari. Mwanzoni mwa Februari 1944 iliondoka Mombasa kuelekea Colombo katika msafara wa KR 8, yaani kundi la meli zinazokwenda pamoja chini ya ulinzi wa manowari. Meli za askari zilikuwa tano. Walinzi wakati wa shambulio walikuwa manowari Hawkins na mbili ndogo ziendazo kasi, Petard na Paladin.

Ndani ya Khedive Ismail walikuwamo watu zaidi ya 1,500. Kundi kubwa kupita yote lilikuwa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, watu 996, maafisa wao Wazungu na wengine karibu wote Waafrika. Walikuwa wakienda kujiunga na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyokuwa Ceylon ikijiandaa kwa vita vya Burma. Walikuwamo pia mabaharia wa jeshi la Uingereza, wauguzi 53 na mkuu wao, wanawake 19 wa jeshi la majini la Uingereza, na wanawake wengine wachache wa jeshi.

Mchana wa Jumamosi tarehe 12 Februari, kusini magharibi mwa visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ilifyatua topido na mbili zikaipata meli hiyo. Ilikuwa yapata saa nane na nusu. Wauguzi wengi na maafisa walikuwa ukumbini wakisikiliza muziki, na askari wengi walikuwa sitaha za chini. Meli ilizama katika dakika zisizozidi tatu. Walikufa watu 1,297, wakiwamo wanawake 77. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake sita.

Dakika tatu hazimpi mwandishi nafasi ya kusimulia kuzama kwenyewe. Hapakuwa na muda wa kuteremsha mashua kwa utaratibu, wala wa kuagana, wala wa nahodha kuamua jambo. Aliyekuwa karibu na ukingo aliruka. Aliyekuwa chini alibaki na meli. Ndiyo maana kitabu chochote kuhusu Khedive Ismail hulazimika kujaza kurasa kwa yaliyotangulia na yaliyofuata. Na yaliyofuata yalichukua alasiri nzima, yakatokea mbele ya macho ya watu waliokuwa na madaftari ya kumbukumbu.

Nyambizi ilijificha chini ya maji, karibu na mahali walipoelea manusura. Petard na Paladin zilikuwa na wajibu wa kulinda meli nne zilizobaki na maelfu ya watu ndani yake. Zikatupa mabomu ya kina, mapipa ya baruti yaliyotegwa kulipuka yakifika kina fulani, na baadhi ya waliokuwa wamenusurika topido waliuawa majini na mabomu ya upande wao. I-27 ililazimika kuibuka. Paladin ilipasuka ubavu ilipoigusa, mizinga ikashindwa kuivunja, na Petard ikafyatua topido moja baada ya nyingine hadi ya saba ndiyo ikaimaliza.

Hiki ndicho kiini cha kila simulizi ya tukio hili, na lazima tuone tumesimama wapi tunapoisoma. Tumesimama kwenye daraja la Petard, begani mwa kamanda wake, Rupert Egan, tukipima naye uamuzi mzito kuliko wowote ambao baharia anaweza kupewa. Kitabu cha G. G. Connell cha 1976 ni historia ya Petard, manowari iliyokwisha kujipatia jina Oktoba 1942 pale mabaharia wake walipochukua nyaraka za siri kutoka nyambizi ya Kijerumani U-559, wawili wakafa wakizitoa. Humo Khedive Ismail ni sura moja katika maisha ya chombo kingine. Riwaya ya Nicholas Monsarrat, The Cruel Sea, ya 1951, ina kamanda anayekabiliwa na uamuzi wa namna hiyohiyo, na imewazoesha wasomaji wa Kiingereza kuliona jambo hili kama uchungu wa anayetupa bomu. Uchungu huo ni wa kweli. Lakini aliyekuwa ndani ya maji, aliyeona manowari ya kumwokoa ikija kisha akahisi bahari ikimpasukia kifuani, naye alikuwa na lake la kusema.

Kitabu kilichoifanya Khedive Ismail kuwa mhusika mkuu ni Passage to Destiny cha Brian James Crabb, kilichotoka miaka ya 1990. Baba yake alikuwa baharia wa Uingereza aliyenusurika. Hili halipunguzi thamani ya kazi. Kinyume chake, pasipo mtoto wa manusura kufuatilia orodha, barua na kumbukumbu za familia kwa miaka mingi, tungekuwa na machache mno. Lakini linaonyesha vitabu vya namna hii huzaliwa vipi. Huzaliwa pale manusura anaporudi nyumbani, akamsimulia mtoto, na mtoto akawa na mlango wa kuingia kwenye hifadhi ya nyaraka, lugha ya nyaraka hizo, na mchapishaji. Mpiga mizinga aliyeokolewa na kurudi kijijini kwake mwaka 1945 alikuwa na la kwanza kati ya hayo, pengine na la pili. Mengine hakuwa nayo.

Nairobi yenyewe inatoa kipimo cha mlango huo. Maktaba ya McMillan, yenye sanamu za simba mlangoni pale Banda Street, ilifunguliwa 1931. Waafrika hawakuruhusiwa kuingia hadi 1958. Katika mwaka ambao Kikosi cha 301 kilizama, baba wa askari aliyefika mjini kutafuta habari za mwanawe asingeweza kuketi humo na kufungua gazeti. Lilikuwapo gazeti la Kiswahili la Baraza, lililoanza kuchapishwa Nairobi mwaka 1939, lakini habari za meli zilizozamishwa wakati wa vita zilipita kwanza kwa wakaguzi wa serikali.

Katika meli hiyohiyo alikuwamo mtu ambaye maktaba ile ingempokea bila swali. Kenneth Gandar Dower, Mwingereza, mchezaji wa tenisi na mwandishi wa habari za vita, aliwahi kupanda milima ya Aberdare kumtafuta simba mwenye madoa aliyesimuliwa kuwa anaishi kule, akaandika The Spotted Lion mwaka 1937. Mwaka huo pia duma aliowatoa Kenya walishindana mbio Uingereza. Alikufa tarehe 12 Februari pamoja na wapiga mizinga, na karibu kila maelezo ya ajali hii, hata yale mafupi kabisa, humtaja kwa jina. Orodha ya kawaida huanza kwa 996, hushuka hadi kwa wauguzi, kisha huishia kwa mtu mmoja mwenye jina, vitabu na duma. Simlaumu yeye. Ninaloliona ni jinsi karatasi zinavyovutana: aliyekwisha kuandikwa huandikwa tena.

Kwa bahati, upo mji mmoja ambapo upande mwingine wa orodha hiyo unaweza kusomwa, nao ni Nairobi. Ukitoka katikati ya mji kwa matatu ya Ngong, ukaacha majumba ya Upper Hill, Adams na Dagoretti Corner nyuma yako, utafika Makaburi ya Vita, kando ya barabara upande wa msitu. Makaburi hayo yalifunguliwa na jeshi mwaka 1941 na yana karibu maziko 2,000 ya Vita vya Pili vya Dunia. Ndani yake ipo Kumbukumbu ya Afrika Mashariki, kwa ajili ya askari wasio na kaburi linalojulikana, wakiwamo waliozama na Khedive Ismail. Wauguzi na mabaharia wamekumbukwa kwenye kumbukumbu za Uingereza. Wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 wapo hapa.

Mahali hapo pasomwe kama kitabu. Majina yamepangwa kwa kikosi na cheo, bila umri, bila picha, bila neno la mwisho. Lakini majina ya Kiafrika yanampa msomaji wa hapa habari ambazo mwanahistoria wa London hana. Huyu ni arap fulani, yule ni Mutua, yule ni Ochieng'. Jina linakupeleka Bonde la Ufa, Ukambani au Nyanza, na wakati mwingine hadi ukoo. Mtu aliyelelewa Kenya anaweza kusimama hapo na kuona nchi nzima katika safu moja, jambo ambalo sentensi ya Kiingereza yenye namba 996 haiwezi kumpa.

Ukubwa wa hatua hiyo ya kuchonga majina unaonekana ukirudi mjini, Kenyatta Avenue, kwenye sanamu tatu za shaba za askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Zilizinduliwa 1928. Ni kazi nzuri ya mikono na hazina jina la mtu hata mmoja. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuandikwa popote. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hivyo katika ripoti yake ya 2021. Kati ya vita hivyo viwili kulitokea badiliko moja kubwa: jina la askari Mwafrika lilihesabika kuwa la kuchongwa. Simulizi yake bado haikuhesabika.

Wala si kweli kwamba askari wa Afrika Mashariki hawakuandika. Robert Kakembo wa Uganda alichapisha An African Soldier Speaks mwaka 1946. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma akiwa katika KAR, yaani King's African Rifles, kabla ya kuwa Jenerali China wa Mau Mau, alianza kitabu chake cha 1967, kilichochapishwa Nairobi, kwa njia iliyompitisha vitani. Mwanahistoria Timothy Parsons aliwahoji askari wa zamani kwa ajili ya utafiti wake wa KAR uliotoka 1999. Msomaji akiweka kitabu cha Crabb mkono mmoja na vitabu hivi mkono mwingine, anaanza kuona kilichokuwa chini ya sitaha: kijana aliyesajiliwa wilayani, aliyefundishwa kupima masafa ya mzinga, aliyekula na kulala kwa utaratibu wa rangi, aliyeiona bahari pengine kwa mara ya kwanza Kilindini. Kwenye Moi Avenue, Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ina mafaili ya wilaya ya miaka hiyo. Orodha ya majina ya barabara ya Ngong inaweza kupelekwa pale na kufuatiliwa jina kwa jina. Kazi hiyo ni ya kuchosha na inawezekana.

Kwa ajali za karibu zaidi nafasi ya kupata simulizi ni kubwa. Feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa tarehe 29 Aprili 1994 ikiwa na watu wapatao 400, ikaua 272, wengi wakielekea kazini asubuhi. MV Bukoba ilizama Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza, ikaua mamia. Walter Lord alitoa kitabu chake miaka 43 baada ya Titanic, na bado alipata watu wa kuwauliza. Kwa Mtongwe, mwaka wa 43 ni 2037; kwa MV Bukoba ni 2039. Manusura wengi wako hai, na maswali ya kuwauliza yanajulikana kutokana na makosa ya 1912: ulikuwa umesimama wapi, ulisikia nini kwanza, nani alikuambia ufanye nini, nani alikuwa kando yako, na jina lake nani.